Mwaka Tuliomnyoa Skola

Daktari alikuwa kijana, na aliniamkia shikamoo mara mbili, ya kwanza mlangoni na ya pili tulipokwisha kukaa, kama mtu asiyejua aanzie wapi. Mkononi alikuwa na picha ya kichwa cha mdogo wangu Skola, ile tuliyokwenda kuipiga Morogoro, akaiinua kuelekea dirishani. Skola mwenyewe alikuwa wodini, amelala ubavu, kitambaa kichwani kama siku zote. "Mzee," daktari akasema, "huyu mama aliwahi kupigwa mionzi kichwani? Labda utotoni?" Nikasema ndiyo, akiwa na miaka saba, alikuwa na uvimbe. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama tulikuwa tunampeleka kliniki kwa ajili ya ile hali yake, huzuni, kusahau, kukwepa watu. Nikasema hapana. "Hakuna aliyewaambia?" Hapo nilinyamaza. Yeye akadhani ni ukimya wa kutojua, akanihurumia, akaanza kunieleza polepole. Mionzi inaua uvimbe, alisema, lakini ubongo wa mtoto bado unakua, na jeraha lake linachelewa kuonekana. Inapita miaka, ndipo mtoto anakuwa mzito, anachoka, anasahau, mwili unagoma kukua, na huzuni inamkaa kama mgeni asiyeaga. Si ujinga wala si tabia mbaya. Dawa za kuipunguza zipo, na watu wa kuzungumza naye wapo. Alinieleza kama anayenipa habari mpya. Habari ile nilipewa zaidi ya miaka arobaini iliyopita, nimesimama kwenye ujia wa hospitali moja Dar es Salaam, na aliyenipa alinishika bega ili aone kama nimeelewa.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne. Mama hakuweza kuliacha shamba, kwa hiyo mimi niliyesoma ndiye niliyekaa na Skola Dar es Salaam mpaka matibabu yakaisha. Nywele zake zilidondoka kisogoni, na daktari wa pale aliniambia zingine hazitarudi. Kisha akanieleza yale mengine. "Usifikiri tumemaliza," alisema. "Kila mwaka mlete. Akianza kuwa mzito shuleni, akianza kulia bila sababu, msimpige. Mleteni." Ndani ya treni ya kurudi Ifakara niliyarudia maneno yale kichwani ili nimfikishie mama yote. Lakini stesheni nilikuta mama amekuja na majirani na kanga mpya ya kumfunika Skola, na kabla sijashusha mzigo akauliza, "Wamesemaje?" Nikasema, "Amepona." Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijiambia yaliyobaki nitayasema kesho, nyumbani, tukiwa wawili. Kesho ile sikuiona. Mwaka uliofuata hatukumpeleka, wala ule mwingine, na kadiri miaka ilivyopita nikaona nikisema nitaulizwa kwa nini sikusema.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule Skola alipokuwa na miaka kumi na minne, mimi ishirini na sita. Nilikuwa karani wa mizigo stesheni, nina baiskeli na mashati mawili ya kupiga pasi, na barua yangu ya posa ilikuwa imepokelewa nyumbani kwa Mzee Makanja, baba yake Filomena. Shamba lao la mpunga lilipakana na letu, mbele ya Katindiuka. Siku hizi pale wanapita ng'ombe wa Wasukuma, na mimi nikienda siwezi kuonyesha kibanda chetu kilisimama wapi, lakini wakati ule tulihamia shamba kila msimu, nyumba nzima, na vyungu na kuku, mpaka mpunga uingie ghalani. Kibanda chetu kilikuwa cha matete na udongo, chumba kimoja cha kulala na upenuni mafiga matatu. Tulikula wali wa mpunga wa mwaka uliopita na samaki kitoga wa kukausha, na mpunga ulipoanza kukomaa tulikula pepeta, punje changa za kukaanga, mama akizitwanga zingali moto, sisi tukizichota kinuni kwa mikono. Nikitoka kazini nilipanda baiskeli nikaenda kula huko, na njia yangu, bila haja, ilipita kwa akina Filomena.

Kazi ya Skola ilikuwa kuwinga ndege. Alipanda juu ya dungu asubuhi na debe na fimbo, na kwa mwili ule hukuweza kumdhania mwanafunzi wa darasa la saba. Alikuwa kama mtoto wa miaka tisa. Kwanza alipiga debe kama wengine. Kufikia katikati ya msimu debe lilikuwa linanyamaza. Mama akipaza sauti kutoka kibandani, linapigwa mara mbili, linanyamaza tena. Siku moja nilipanda dungu nikamkuta amekaa, macho wazi, machozi yanashuka bila sauti, na kwelea wametanda kwenye mpunga mbele yake. Nikamuuliza analilia nini. Akasema, "Sijui, kaka. Nikiamka yanakuwepo." Nilimshusha, nikachuma fimbo, nikamchapa mbele ya mama, nikasema huo ni uvivu wa kulelewa kama yai. Nilijua nisimchape. Niliambiwa kwa maneno hayohayo, msimpige. Kila pigo nililijua, na nikaendelea, kwa sababu akina Makanja walikuwa wanatazama kutoka upande wao na mimi nilitaka wamwone mkwe wao kuwa ni mtu mwenye mkono imara nyumbani.

Wanawake wa shamba la jirani walikuwa na midomo, na ukuta wa matete hauzuii kitu. Jioni moja nilikuwa nyuma ya kibanda nafunga mnyororo wa baiskeli, nikawasikia wakipepeta. "Yule wa Mama Beno anakula nini? Hakui wala hazeeki." Beno ni mimi. "Na nywele za kisogoni kazipeleka wapi?" "Kaziweka akiba." Wakacheka. Mmoja akasema, "Msicheke. Mtu akinyolewa na wachawi wenzake hamjui kazi aliyopewa." Kisha sauti ya Mama Deo, dada mkubwa wa Filomena, ikasema, "Acheni. Mtoto wa watu anapenda watoto, mwacheni anishikie Kasto." Kasto alikuwa mwanawe wa pili, hajaanza kutembea. Na kweli Skola alimpenda. Ilikuwa ndiyo furaha pekee niliyoiona usoni kwake mwaka ule, kumweka Kasto mapajani, kumpulizia tumboni, mtoto akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Msimu wa kuvuna ulipofika, Mama Deo alimwachia Skola mtoto chini ya dungu, wakaingia mpungani tangu asubuhi. Mchana ule Kasto alishikwa na homa. Skola alikaa naye mapajani mpaka jua likaelekea kushuka, na hakuita mtu. Walipotoka walimkuta mtoto anawaka moto, macho yamegeuka, na yeye amekaa vilevile, miguu ameinyoosha, anamtazama. Walikimbia naye zahanati kwa baiskeli yangu. Siku ya pili degedege lilimrudia, akafa. Mama alimuuliza Skola kwa nini hakuita. Nilikuwepo, na maneno yake sijayapoteza hata moja: "Nilimwona anaumwa. Nikajiambia, ita. Nikawa nauambia mdomo ufunguke, haufunguki. Nikasahau kusimama." Mama alijifunika uso kwa kanga. Mazishini Skola hakulia. Yeye aliyelia kila siku bila sababu, siku ile alikauka, na watu waliliona.

Baada ya siku chache Mzee Makanja aliitisha kikao. Tulikaa kwenye mkeka nyumbani kwake, wazee wanne, mama, mimi, na Mama Deo ameegemea ukuta, matiti yamejaa maziwa yanalowesha gauni. Makanja alikuwa mtu mstaarabu. Hakupaza sauti. Alisema hataki mtoto wa watu apigwe, hataki nyumba ichomwe, wala hataki undugu unaoanza uharibike. Kisha akanigeukia. "Mkwe, wewe ndiye uliyempeleka Dar es Salaam. Umesoma, ulisimama na madaktari. Tuambie ukweli. Hospitali walisema nini juu ya kichwa chake?" Wote wakaniangalia. Mama akaniangalia kuliko wote, maana nadhani tangu zamani alishuku kuna neno nililoliacha kwenye treni.

Nataka niseme waziwazi nilichowaza, kwa sababu nimekaa nacho miaka mingi nikikipa majina mazuri. Niliwaza kwamba nikisema kichwa cha Skola ni kigonjwa, kikao kitaisha na posa yangu itaisha nacho. Huku kwetu, familia ikishasemwa ina ugonjwa wa kichwa, huo ni wa damu. Watu wanarudisha barua kwa adabu na hawakupi tena binti. Kueleza kwamba ni mionzi, si damu, nisingeweza, au niliona siwezi. Uchawi ulikuwa jambo jepesi zaidi. Uchawi unanyolewa. Mtu anapelekwa kwa mnyoaji ng'ambo ya mto, anakiri, ananyolewa, anakunywa dawa, na akirudi ni mwiko kumtaja tena kwa jina lile. Yameisha. Mchawi aliyenyolewa ana ndugu wanaoweza kuoa. Kwa hiyo nilipima, nikachagua mdogo wangu awe mchawi kuliko awe mgonjwa. Nikasema, "Walisema amepona, baba. Kichwa hakina kitu."

Makanja akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Basi kama kichwa hakina kitu, kuna kitu kingine. Twende wote tukanyolewe. Kwenu na kwetu. Mwenye nacho atakiacha huko." Mama aliinuka. Alikusanya kanga yake akatoka, na tangu siku ile mpaka alipokufa hakuniuliza tena jambo lolote la Dar es Salaam.

Siku hizi kuna daraja. Wakati ule tulivuka kwa pantoni, na siku ile kulikuwa na foleni, tukakaa ukingoni mpaka jua likawa kali. Akina Makanja walikaa upande wao na sisi wetu, lakini tuligawana mihogo ya kuchemsha, maana wanaokwenda kunyolewa hawatakiwi kununiana. Tulipopanda, Skola alishika ukingo wa chuma na kutazama maji. Nilisimama karibu yake nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ukiulizwa, sema ndiyo. Ukishasema unanyolewa, tunarudi, yamekwisha." Akasema, "Lakini kaka, mimi sijui kama nilifanya." Nikasema, "Sema tu." Akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyofikiri kila kitu mwaka ule, uso umekunjamana kama anayenyanyua mzigo. Kisha akaniuliza, "Watu wanaofanya, wao wanajua? Au wanakuwa kama mimi, hawajui?" Ningeweza kumjibu hata pale. Pantoni lilikuwa katikati ya mto, na ningeweza kumwambia maneno matatu tu, wewe ni mgonjwa. Nilimwambia, "Wengine hawajui."

Kwa mnyoaji kulikuwa kama hospitali. Watu kwenye mikeka, wengine wametoka Mngeta, wengine Chita, akina mama wananyonyesha, wazee wanasinzia, ugali na perege vinauzwa pembeni. Tuliitwa mchana. Tulinyolewa wote, Mzee Makanja wa kwanza ili kuonyesha mfano, kisha mimi, mama, Mama Deo. Kichwa changu kilikuwa baridi na chepesi, na nilijisikia vizuri, naona aibu kuliandika, nilijisikia kama nimeoga. Skola akawa wa mwisho. Mnyoaji alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya kawaida. Akamvua kitambaa, wembe ukapita juu, ukafika kisogoni, ukateleza kwenye ngozi tupu. Akasimamisha mkono. Akapapasa pale kwa kidole gumba, akawageukia watu. "Huyu ameshanyolewa na wenzake. Tazameni." Watu wakainuka kutazama. Kisha akamuuliza, bila ukali, "Binti, yule mtoto ulimla?" Skola hakumtazama. Alinitazama mimi. Mimi nikaangalia beseni lenye maji na nywele zetu sote, zimechanganyika, haijulikani zipi za nani. Akasema, "Ndiyo."

Tuliporudi, Makanja alitimiza ahadi. Alikula na Skola sahani moja mbele ya watu, akamkatia mnofu wa samaki kwa mkono wake. Hakuna aliyemtaja tena. Nywele zetu ziliota, mpunga ukaingia ghalani, na kabla ya mvua mpya nilimwoa Filomena kanisani, watu wakala na kucheza. Skola alikaa jikoni akaosha vyombo. Kwa macho ya kila mtu dawa ilikuwa imefanya kazi, maana alikuwa mpole, mtiifu, haleti neno.

Jambo ambalo sikulipima ni kwamba yeye angeamini. Nilidhani "ndiyo" ile ni ya mdomoni tu, kama nilivyomwagiza. Lakini kichwa kilichokuwa kinasahau siku gani ni leo kililishika neno lile na hakikuliachia. Alipozaliwa mwanetu wa kwanza, Filomena alimnyooshea mtoto, naye akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono kaificha. "Mpe mama," alisema. "Mimi sifai." Alifanya hivyo kwa watoto wangu wote watano. Watoto wakiingia chumbani kwake alitoka. Walikua wakidhani shangazi yao hawapendi. Mwaka wa tatu wa ndoa yangu wavuvi walimtoa Skola mtoni, wakasema aliteleza. Nasi tukasema aliteleza. Kila alipokaa wiki nzima bila kula nilimletea soda, nikasimama mlangoni, nikaondoka. Sikumtupa. Nilimjengea chumba, nilimvisha, nilimlisha miaka yote ile, na watu walinisifu kwa hilo.

Kwa hiyo daktari kijana aliponiambia dawa zipo, nilichukua dawa zile. Uvimbe mpya ulioonekana kwenye ile picha alisema haugusiki, lakini huzuni tungeweza kuipunguza. Baada ya wiki chache Skola akaanza kulala usingizi, akaanza kuuliza kuna mboga gani leo. Asubuhi moja jogoo aliingia chumbani kwake, akapanda kitandani, akawika, na Skola akacheka. Nilikuwa uani. Filomena alitoka jikoni na mwiko mkononi, tukatazamana. Hatukuwa tumewahi kusikia kicheko chake tangu Kasto. Vidonge vidogo vyeupe, vya wiki chache. Nilikaa chini nikaona miaka yote ile imepangwa mbele yangu, na nikaona siwezi kumwacha afe bila kumwambia.

Nilimwambia yote. Ujia wa hospitali, treni, kikao, pantoni. Nilimwambia, "Hukumla mtoto. Ilikuwa malaria. Wewe ulikuwa mgonjwa, na mimi nilijua." Alinisikiliza amelala chali, mikono juu ya shuka. Mwishoni akauliza, "Mama alijua?" Nikasema hapana. "Alikufa anajua mimi ni yule?" Nikasema ndiyo. Akaanza kukunja vidole juu ya shuka, na nilijua si kusahau, anahesabu. "Basi watoto wako niliwakimbia bure," akasema. "Wote watano." Nikamwambia nitaita ukoo, na akina Makanja waliobaki, nitasema mbele yao. Akageuza uso kunitazama. "Na Mama Deo utampa nini, kaka? Yeye miaka yote alikuwa na mimi wa kuchukia. Fanya unavyotaka. Mimi nimechoka." Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Aliomba maji, nikampa, na siku zilizobaki hakutaka vidonge tena. Filomena, aliyesikia kupitia ukuta, alihamishia godoro lake chumbani kwa Skola na hajarudi chumbani kwetu hadi leo.

Skola alikufa mvua za masika zikiwa zimeanza. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa familia na ndiye niliyesoma, wasifu wa marehemu niliandika mimi. Niliandika kurasa mbili, na zilikuwa za kweli. Uvimbe, mionzi, alichosema daktari, nilichosema mimi, jina la Kasto. Nilisimama makaburini nikiwa nazo. Mama Deo aliletwa kwenye kiti, kazeeka, kaketi mstari wa mbele, na aliniangalia akisubiri nianze. Nikasoma kwamba Scholastica alizaliwa Ifakara, alisoma hadi darasa la saba, hakujaliwa kuolewa wala kupata mtoto, aliugua muda mrefu na akauguzwa na kaka yake. Nikakunja karatasi. Sitasema nilinyamaza kwa kumhurumia yule mama, wala kwa sababu ya neno la Skola. Niliogopa, kama nilivyoogopa kwenye mkeka wa Makanja.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa watu walipita kunipa mkono. Mama Deo aliinuliwa na wajukuu wake wawili, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole, shemeji," akasema. "Ujue mimi nilishamsamehe zamani."

Nikasema, "Asante, shemeji."